Ufugaji Bora wa Ukungu kwa Mkazi wa Pwani

Tumeshapita kwenye kware. Tumepita kwenye sungura, kwenye matikiti, na kwenye vanila ya makaratasi. Kila fursa ilikuja na semina yake, na kila semina ilimtajirisha mtu mmoja, naye ni yule aliyeshika maikrofoni. Mimi siuzi mbegu wala sitozi kiingilio. Ninawaletea mradi usiohitaji shamba, usio na dalali, usiokufa kwa kideri, na ambao malighafi zake zote tayari unazo ndani ya nyumba unayoishi: ukungu.

Sisemi ule wa Lushoto unaofunika milima asubuhi. Nasema huu wetu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, wa kijani, wa kijivu, mweusi, na mara nyingine mweupe kama unga uliomwagikia mkanda wa ngozi. Wengine huuita koga, wengine kuvu; majina yasitupotezee muda. Nina uzoefu wa miaka sita katika chumba kimoja cha masta kule Kinyerezi, na ninaandika kwa mamlaka ya mtu aliyewahi kuvuna mpaka ndani ya viatu.

Kwanza hongera kwa mahali ulipo. Mfugaji wa Dodoma anahangaika na hewa kavu. Wewe mtaji umeletewa mlangoni. Ukungu huanza kunawiri pale unyevu wa hewa inayougusa ukuta unapokaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, na watu wa majengo husisitiza ndani ya nyumba pabaki chini ya asilimia 60. Dar es Salaam asubuhi ya masika huvuka 80 kabla hujapiga mswaki. Nusu ya kazi Mungu amekufanyia. Nusu iliyobaki ni ya fundi wako, naye, nikuhakikishie, ataifanya bila hata kuombwa.

Tuanze na banda. Adui wa kwanza wa mfugaji ni upepo, na kwa bahati mbaya mwambao huu una pepo mbili zisizokosa miadi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi ikapokea kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Oktoba. Pepo zilizosukuma majahazi mpaka Maskati na kuyarudisha haziwezi kushindwa kukausha godoro la inchi sita, kwa hiyo usizidharau. Nyumba yenye madirisha upande wa kusini na upande wa kaskazini huzipata zote mbili, tena jua la asubuhi na la jioni haliingii moja kwa moja. Ukipewa ramani ya namna hiyo, irudishe. Mwambie mchoraji madirisha yote yatazame getini, ili wageni wayaone.

Wazee wetu katika hili walikosea sana. Waliokulia Magomeni, Ilala au Kariakoo wanaikumbuka nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele barazani, ukumbi mrefu ulionyooka katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani. Milango miwili ikiachwa wazi, upepo ulipita kama unawahi daladala. Jiko uani, bafu uani, kufua uani: moshi, mvuke na maji, chakula chote cha ukungu, walikimwaga nje. Tena ukuta mara nyingi haukubana mpaka kwenye paa, basi joto likapanda na kutokea juu lenyewe. Ukungu ulishinda njaa vizazi na vizazi, na hakuna aliyeuonea huruma.

Wa Mji Mkongwe na wa Lamu ndio usiseme. Kuta za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, zisizopitisha joto upesi. Dari za juu. Ua katikati ya nyumba, unaovuta hewa kama dohani. Chumba chenyewe chembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa hiyo upepo ulikivuka haraka. Na juu ya yote plasta ya chokaa, ambayo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Habari njema ni kwamba ukirithi nyumba kama hiyo unaweza kuirekebisha kwa siku moja: piga saruji juu ya chokaa, halafu paka rangi ya mafuta. Maji yatabaki ndani ya jiwe, plasta itavimba na kubanduka mikate mikate, na hapo utakuwa umeingia kwenye ufugaji bila kununua hata kiriba.

Sisi wa kisasa tumejifunza. Dirisha letu ni la aluminiamu la kusukuma, ambalo la mita moja na nusu hufunguka sentimita 75 tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya chenzake. Sentimita hizo 75 nazo zimefunikwa na wavu ambao haujaoshwa tangu tuhamie, na vumbi lake limeshakuwa blanketi. Kila chumba kina dirisha upande mmoja tu. Upepo ni mgeni mwenye akili, haingii nyumba asiyoona pa kutokea. Nje ya dirisha, mita moja, upo ukuta wa jirani, ambaye naye amejenga mpaka kwenye bikoni kwa sababu na yeye ana haki yake.

Juu tumeficha bati. Kwa msomaji ambaye hajabahatika: unazungusha ukuta juu ya nyumba ili mpita njia asijue kama una bati au huna. Maji ya mvua hayana pa kukimbilia isipokuwa mfereji uliojificha nyuma ya ukuta huo, mfereji huziba kwa majani ya mwembe, na maji yakatafuta njia yake mpaka kwenye dari ya jipsamu. Jipsamu, kama ulikuwa hujui, imevikwa karatasi pande zote mbili, na karatasi iliyolowa kwa ukungu ni pilau ya harusi. Mimi nilipata ramani ya Afrika nzima kwenye dari ya sebuleni, Madagaska ikiwa pembeni peke yake, katika masika ya kwanza tu.

Nilimuuliza fundi kwa nini hakuweka matundu ya hewa juu ya madirisha, kama yaliyokuwa kwa marehemu baba.

"Bosi, yale ya zamani. Yanaharibu muonekano."

"Sasa hewa itapita wapi?"

"Si utaweka eisi?"

Nikaweka. Na hapa ndipo mfugaji mdogo anapopanda daraja kuwa mfugaji mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hewa ya moto hubeba maji mengi. Kwenye nyuzi 30, ikishiba, mita moja ya ujazo hubeba gramu 30 hivi za maji. Kwenye nyuzi 20 haifikishi hata 18. Hewa yetu ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande ikikutana na kitu chenye nyuzi 26 au chini yake. Ndiyo siri ya chupa ya soda kutoka jasho ukiitoa kwenye friji, na chupa haijavuja. Kazi yako ni kuigeuza nyumba kuwa chupa hiyo. Washa kiyoyozi, kiweke 18, ulale. Alfajiri kizime, fungua dirisha mara moja wakati ukuta bado ni wa baridi, na uache hewa ya nje iingie na mzigo wake. Ukuta wote utaloa bila mtu kumwaga maji. Rudia kila siku. Ndani ya majuma machache utaona vidoadoa kwenye kona, karibu na sakafu na nyuma ya kabati, vikifuata saruji kama siafu.

Wapinga maendeleo watakwambia uchague moja: ama madirisha yafungwe na kiyoyozi kiwe 25 au 26, ama kiyoyozi kizimwe, madirisha yafunguliwe na pangaboi lizunguke. Usichague. Washa kiyoyozi na uache dirisha wazi kidogo, ili umeme uishe na maji yabaki.

Kiyoyozi hiki cha ukutani kina sifa nyingine ambayo muuzaji hakuitangaza. Hakileti hewa mpya. Huivuta ile ile mliyokwisha kuipumua, huipoza, na kuwarudishia. Mkilala wanne chumba kimoja kilichozibwa, mtaamka na vichwa vizito, midomo mikavu na usingizi usiotosha, na mtaenda kupima malaria. Majibu yakitoka hamna, nendeni hospitali nyingine. Chujio lake usilioshe kamwe. Na lile bomba la kutoa maji lielekeze kwenye msingi wa ukuta, maana si vizuri kutupa mali.

Bila kiyoyozi pia inawezekana, ukizingatia lishe. Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya robo lita ya maji usiku mmoja. Ongeza ndoo ya kanga na suruali za shule zilizoanikwa kwenye ukumbi kwa sababu nje kuna mvua: hayo ni malita kadhaa yanayohamia kwenye kuta, kimyakimya. Maharage yachemshwe saa tatu sufuria likiwa wazi. Bafuni muoge maji ya moto, kisha mlango wa bafu ufunguliwe kuelekea chumbani, si dirisha. Kama umefunga feni ya kutoa hewa, hakikisha fundi ameielekeza juu ya dari badala ya nje ya ukuta. Wangu alifanya hivyo bila kuniambia, na nikajikuta nina banda la ghorofa mbili.

Kuhusu kuta sina mengi. Mchanga wa bahari kwenye tofali, chumvi yake huvuta unyevu maisha yote ya nyumba. Msingi usiowekewa karatasi ya nailoni ya kuzuia maji yasipande. Basi.

Mfugaji mwenye maono hategemei zao moja. Ukishaweza kuzuia upepo, unaweza kufuga na moshi. Kuna ile dawa ya mbu ya kuwasha, inayojiviringa kama konokono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima chembe laini zinazotoka kwenye duara moja la dawa hiyo na kukuta zinalingana na za sigara kati ya 75 na 137. Unaiwasha saa mbili usiku, chini ya kitanda cha mtoto, dirisha limefungwa ili moshi usipotee bure. Asubuhi nyumba ikinuka uvundo, unachukua chetezo na kufukiza udi. Sina ugomvi na udi. Nimekulia kwenye udi, na nguo za Idi zisizofukizwa kwetu hazivaliwi. Ila udi juu ya uvundo ni marashi juu ya kikwapa, na pua za wageni hazidanganyiki.

Upo pia mkaa. Serikali inatuhujumu: mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Na hapo utani wangu unakwama, kwa hiyo niuweke pembeni kwa aya moja. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba cha kulala. Si kwa ajili ya kupasha joto, si kwa sababu mvua imelifukuza uani, si kwa dakika kumi. Mkaa uliokolea na usiotoa moshi ndio hatari zaidi, kwa kuwa hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hasikii kukabwa, anasikia usingizi. Kila msimu wa baridi kule nyanda za juu tunasikia familia iliyolala na jiko na haikuamka. Pwani tunadhani hayatuhusu kwa sababu hatuna baridi, lakini mvua za masika huwaingiza watu ndani na majiko yao vilevile.

Turudi kwenye mradi, na kwenye msiba ulioupata.

Kila mfugo una ugonjwa wake. Wangu ulishuka kwenye basi la Tanga, Aprili, na begi moja na mkeka. Shangazi yangu amekulia Pangani, kwenye nyumba ya mawe yenye ua. Nilimfungulia mlango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akasimama kizingitini, akavuta pumzi mara mbili. "Nani amefariki humu?"

"Hakuna aliyefariki, shangazi."

"Basi hayo mapazia mmemfungia nani?"

Hakunywa hata chai. Alifungua kila kinachofunguka. Godoro alilitoa juani asubuhi iliyofuata, na mito, na mazulia, na majirani wakaona madoa yetu yote. Kabati la ukutani aliliacha milango wazi mchana kutwa. Lile la kusogezwa alilivuta shubiri moja kutoka ukutani, kisha akanionyesha nyuma yake. Nilikuwa na mavuno pale ambayo mwenyewe sikuyajua: meusi, manene, ya kushikika. Akachukua mpini wa ufagio na kuigonga Madagaska. Madagaska ikaanguka kwenye meza ya chai, ikafuata Msumbiji.

"Mwanangu, hii nyumba au debe la samli?"

Nilijaribu kumtisha kwa mbu. Nilimwambia madirisha tunayafunga saa kumi na moja jioni kwa sababu ya malaria, na hilo ni jambo la maana, si mzaha.

"Mbu ana wavu wake," akasema. "Wewe una nini?"

Na kwa masikitiko yangu watafiti wapo upande wake. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio za kupambana na malaria, na hawakuziziba kama nilivyoziba yangu. Wamezipandisha juu, vyumba vya kulala vikawa ghorofani ambako mbu ni wachache, na kuta zake wakaziwamba wavu wa kivuli, upepo upite na mbu abaki nje. Chumba chenye hewa humsumbua mbu pia, kwa sababu anatufuata kwa pumzi tunazotoa, na pumzi zilizolundikana ndani ya chumba kilichozibwa ndizo kibao chake cha kumwelekeza njia.

Wiki ya pili alimwita fundi mwingine, kijana wa mtaani asiyejua muonekano ni nini. Wakatoboa juu ya mlango wa chumba na juu ya ukuta wa pili, uso kwa uso, wakaweka tofali za matundu na wavu nyuma yake. Juu, si chini, kwa sababu hewa ya moto hukaa juu. Feni ya bafuni wakaitoa darini na kuitobolea nje. Kamba ya nguo ikahamia chini ya upenu, upande wa kusi. Sufuria zikapata vifuniko. Vidoadoa vya ukutani tulivisugua kwa maji na sabuni, tukaacha pakauke kabisa; jipsamu iliyolowa shangazi hakukubali ipakwe rangi, tukaing'oa yote, maana ukungu ukishaingia kwenye karatasi rangi ni shuka tu la kumfunikia mgonjwa. Mfereji wa kwenye bati ulitoa ndoo tatu za majani na mpira wa mtoto wa jirani.

Nina kipima unyevu kidogo cha mezani, nilichokinunua kwa ajili ya kujivunia mradi. Kabla ya shangazi kilikuwa kinasoma 86 alfajiri. Baada yake kikawa kinacheza kati ya 70 na 78. Hakikufika 60, na katikati ya masika, kwa upepo peke yake, hakitafika. Ila ukuta uliacha kutoka jasho. Mwanangu, ambaye alikuwa anakohoa usiku tangu Februari na mimi nikilaumu vumbi la barabara, alilala mpaka asubuhi. Uhusiano wa nyumba zenye unyevu na pumu Shirika la Afya Duniani liliuandikia mwongozo mzima mwaka 2009. Shangazi hajausoma.

Ndivyo ufugaji wangu ulivyokufa, ukiwa na miaka sita, katika afya njema. Wanaotaka kuanza bado wana muda: fundi wangu wa kwanza yupo, jipsamu ipo, na masika huingia Machi kama kawaida. Waanze na kabati la ukutani, kwenye ukuta wa nje, lijazwe nguo mpaka mlango ufungwe kwa goti. Mimi humo niliweka koti langu la harusi, kwenye nailoni ya dobi, ili lisiharibike.

Shangazi alirudi Pangani mwisho wa mwezi. Matundu aliyotuachia ni manane, saruji yake bado haijapakwa rangi, na fundi wa kwanza akipita hutikisa kichwa. Koti halikupona.